Mwili Ukivimba kwa Sababu ya Figo: Kazi ya Mizani, Chumvi na Daftari



Wenyekiti, makatibu, waweka hazina na wanachama wote wa vikundi vyetu vya kujisaidia, tunawashukuru kwa kuacha shamba na biashara ili tukae pamoja. Mlituomba tuzungumze juu ya ugonjwa wa figo, hasa ule unaomfanya mtu avimbe uso, miguu na tumbo. Mlisema kwamba vikundi vingi vina mwanachama mwenye shida hiyo, au anayemtunza mgonjwa wa namna hiyo nyumbani. Basi leo hatutakaa sana juu ya hospitali kubwa na mashine zake. Tutazungumza juu ya nyumba: jikoni, kitandani, na ndani ya chama chetu. Huko ndiko mgonjwa anakoishi siku zote ambazo hayuko kliniki.

KUVIMBA SI KUNENEPA

Katika kuwatembelea watu vijijini tumewahi kukuta mtoto wa miaka minne, mashavu yamejaa, macho hayafunguki vizuri asubuhi, na majirani wanamsifu mama yake: "Huyu kweli anakula!" Mtoto hakuwa amenenepa. Alikuwa amejaa maji. Wengine walisema ameumwa na wadudu, wengine wakasema kuna mtu amemtupia jicho. Pale dispensari walichovya kijiti cha kupimia mkojo, na kwa dakika chache ikajulikana kwamba figo zinavuja. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, na maji yakapungua.

Mtajuaje kama ni maji? Bonyezeni kwa kidole gumba mbele ya mguu, juu ya mfupa, mhesabu polepole mpaka kumi. Mkiondoa kidole na shimo likabaki, hayo ni maji. Uvimbe wa figo mara nyingi huonekana machoni asubuhi, kisha jioni hushuka miguuni. Kiatu kinabana, soksi inaacha alama, pete haitoki. Mkojo nao unaweza kutoa povu jingi kama sabuni, au kuwa wa rangi ya chai nzito.

KWA NINI MAJI YANABAKI MWILINI

Figo ziko mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, nyuma ya tumbo chini ya mbavu. Kazi yake ni kama ya chujio. Kwa siku moja, figo za mtu mzima huchuja maji ya damu kama lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, pamoja na uchafu na chumvi isiyohitajika.

Chujio likiharibika, mambo mawili hutokea. La kwanza, figo zinashindwa kutoa chumvi, na chumvi hushika maji. La pili, matundu ya chujio yanapanuka, na protini ya damu inapotea kwenye mkojo. Ndiyo inayoleta lile povu. Maji hutoka kwenye mishipa yakaingia katika nyama za mwili.

Na chujio linaharibiwa na nini? Kwa watu wazima, mara nyingi ni ugonjwa wa sukari na presha ambayo haikutunzwa kwa miaka. Kwa watoto, kuna ugonjwa wa kuvuja protini ambao wengi wao huitikia dawa vizuri. Pia koo lenye usaha au upele uliooza bila kutibiwa unaweza, baada ya wiki kadhaa, kuleta mkojo wa rangi ya chai na uso uliovimba. Kwa hiyo, akina mama, msidharau upele.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wetu walisikie. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wazima 60 ambao figo zao zilikuwa zikivuja protini. Zaidi ya nusu walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kudhuru figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza krimu za namna hiyo na kuziingiza au kuziuza nje ya nchi, lakini bado zinapitishwa kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyevimba aulizwe kwa upole anajipaka nini, na krimu yenyewe aende nayo kliniki.

KWANZA APIMWE

Si kila uvimbe ni wa figo. Moyo dhaifu huvimbisha miguu. Ini lililoharibika, hata kwa kichocho cha muda mrefu, hujaza tumbo maji. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha huvimba. Mama mjamzito anayevimba uso na mikono huku kichwa kinauma au macho yanaona ukungu, huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, pengine damu imeganda ndani ya mshipa. Huyo naye asingoje kesho.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima: mkojo, presha, sukari, halafu damu ili kujua nguvu ya figo. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa vijijini wamekuwa wakigawiwa mikoba yenye vifaa, pamoja na mashine ya presha na ya sukari. Mtafuteni wa kijiji chenu, mjueni kwa jina. Mganga wa miti shamba hawezi kuona protini kwa macho, na hata daktari hawezi bila kupima.

MIZANI NA DAFTARI

Sasa sikilizeni vizuri. Mgonjwa akishajulikana na kupewa dawa, silaha kubwa nyumbani ni mizani ya kupimia uzito. Kwa nini? Kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtu hawezi kuongeza kilo mbili za nyama mwilini kwa siku tatu. Akiongeza kilo mbili kwa siku tatu, hayo ni lita mbili za maji. Mizani huiona hatari kabla ya jicho.

Fanyeni hivi:

1. Ajipime kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya kula.
2. Avae nguo nyepesi zile zile, bila viatu.
3. Mizani iwe ile ile, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, wala si juu ya mkeka.
4. Uzito uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama presha imepimwa, iandikwe kando yake.
5. Akiongeza kilo moja kwa siku moja, au kilo mbili kwa wiki, arudi kliniki bila kungoja tarehe yake.

Daftari hilo aende nalo kila mara anapomwona daktari. Daktari anamwona mgonjwa dakika chache, lakini daftari linaeleza mwezi mzima. Uzito ukishuka haraka mno na mgonjwa anaona kizunguzungu akisimama, hilo nalo aliseme, maana huenda dawa imezidi.

CHUMVI YA SUFURIA MOJA

Watu wengi wakiona mtu amevimba, neno la kwanza ni "punguza maji". Lakini mwizi mkubwa ni chumvi. Gramu 9 hivi za chumvi zikibaki mwilini huweza kushikilia lita moja ya maji. Hizo si hata vijiko viwili vya chai. Mgonjwa akila chumvi atasikia kiu, atakunywa, na maji yatakaa. Hata vidonge vya kukojoza haviwezi kushindana na mkono mzito wa mpishi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kupita ukingo. Hiyo ni kwa mtu mwenye afya, na ni chumvi yote ya siku nzima, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate. Mgonjwa asipite hapo, na kliniki yaweza kumpunguzia zaidi.

Mtasema, "Nani ana mizani ya kupima chumvi?" Tuna njia rahisi. Chukueni familia ya watu wazima watano. Watano mara gramu 5 ni gramu 25 kwa siku. Paketi ya nusu kilo ina gramu 500. Gawanyeni: siku 20. Basi mkifungua paketi mpya, andikeni tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha kabla ya siku 20, sufuria yenu ina chumvi nyingi. Kama nyumbani kuna watoto, ingepaswa kukaa muda mrefu zaidi. Jaribuni mwezi huu, mtashangaa.

Hapa ndipo penye jambo zito. Mgonjwa hana sufuria yake. Anakula kilichopikwa kwa wote. Akimwambia mke wake, au mke wa mwanawe, "Msitie chumvi," wengine wananung'unika kwamba chakula ni kama cha hospitali. Mwishowe ananyamaza, anakula, na anavimba. Sisi tunasema hivi: nyumba nzima ipunguze. Presha iko katika familia nyingi, na chumvi ikipungua wote wanafaidika. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Anayetaka zaidi ajinyunyizie kwenye sahani yake, wala asiimwage kwenye sufuria.

Mambo ya kuangalia jikoni:

- Kitunguu, nyanya, dania, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili hutia ladha bila chumvi.
- Viungo vya unga vya paketi vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi. Ukitia hivyo na chumvi pia, umetia mara mbili.
- Magadi ya kulainisha githeri na mboga ni ndugu ya chumvi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi.
- Samaki wa chumvi, soseji, viazi vya paketi na mkate mwingi vina chumvi iliyojificha.
- Chumvi za dukani zinazoitwa "za wagonjwa wa presha" mara nyingi zina potasiamu. Kwa figo dhaifu, potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Munyu wa majivu una hatari hiyo hiyo. Asitumie bila kuuliza.

Na chakula kingine? Wengine humlazimisha mgonjwa ale mayai na nyama kila siku ili "kurudisha protini". Wengine humnyima kabisa. Yote mawili si mazuri. Ale kwa kiasi: yai, maharagwe, samaki mbichi au maziwa kidogo, kama atakavyoelekezwa. Habari ya kuacha ndizi, parachichi na viazi ni ya wale ambao damu yao imepimwa na kukutwa na potasiamu nyingi. Msimnyime mtu chakula kwa sababu jirani yake alinyimwa.

MAJI: ASIZIDISHIWE, ASINYIMWE

Kuna mashauri yanayotembea vijijini: "Kunywa maji mengi uoshe figo." Kwa mtu mzima wa afya, maji ni mazuri. Lakini kwa mtu aliyevimba na anayekojoa kidogo, jagi la maji kila saa laweza kumfikisha mahali pa kushindwa kupumua. Maji hayana pa kutokea, yanaingia kwenye mapafu.

Wala msimfungie maji kwa nguvu. Wagonjwa wengine hawahitaji kupunguziwa maji, wanahitaji kupunguziwa chumvi tu. Anayepaswa kupunguziwa ataambiwa kiasi chake kliniki. Hesabu ambayo madaktari wengi hutumia kwa mtu mzima anayekojoa kidogo ni mkojo wa jana, jumlisha nusu lita. Kama jana alikojoa nusu lita, leo anywe lita moja. Mkojo upimwe kwa kopo lenye alama, lisilotumiwa kwa kitu kingine.

Asubuhi jazeni chupa mpaka kiasi cha siku. Kila akinywa chai, uji au supu, mwage maji kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa, maana vyote hivyo ni maji. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kikombe kiwe kidogo. Kiu ikizidi, asukutue kinywa na kutema.

DAWA: ZILE ALIZOANDIKIWA, NA HIZO TU

Vidonge vya kukojoza, kama furosemidi, humezwa asubuhi ili mgonjwa asikeshe usiku akienda choo. Msigawane vidonge hivyo na jirani aliyevimba. Akiharisha au kutapika sana, aende kliniki aulize kama aendelee navyo, kwa sababu mwili uliokauka huumiza figo zaidi. Dawa za presha zimezwe hata siku ambayo hasikii kuumwa. Mama anayetarajia kupata mimba aseme mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hazifai mimba.

Mtoto aliyepewa prednisoloni asiachishwe ghafula kwa sababu uvimbe umekwisha. Dawa hiyo hupunguzwa polepole kwa maagizo ya daktari. Atakuwa na njaa nyingi na uso wa mviringo; hiyo ni dawa. Uvimbe waweza kurudi, hasa akipata mafua, lakini hutibiwa tena. Kabla ya chanjo yoyote, mwambieni muuguzi kwamba anameza dawa hiyo.

Sasa habari ya maumivu. Mtu akiumwa mgongo anakimbilia dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo hubana damu inayoingia kwenye figo, na huzuia chumvi na maji yasitoke. Mwenye ugonjwa wa figo aziepuke, na aulize kuhusu parasetamoli. Kuhusu miti shamba, hatudharau maarifa ya wazee wetu, lakini iko miti inayodhuru figo, na chupa haisemi ndani yake kuna nini. Akishaitumia, amwambie daktari ukweli, naye asigombezwe.

KUMTUNZA NYUMBANI

Akikaa, miguu iwekwe juu ya kiti au mto. Akilala, kama pumzi inabana, ainuliwe kichwa. Kama haamki, ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ngozi iliyovimba ni nyembamba kama karatasi: ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikaushwe taratibu, ipakwe mafuta ya kawaida. Msimkande kwa maji ya moto, msimchanje, msimtoboe ili maji yatoke. Mlango huo ndio vijidudu huingilia. Viatu viwe vipana, na asitembee peku.

DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI, USIKU AU MCHANA

- Anashindwa kupumua, au hawezi kulala chali.
- Mkojo umekwisha kabisa au ni matone tu.
- Amechanganyikiwa, analala mno, au anashikwa na kifafa.
- Maumivu ya kifua, au moyo unapiga ovyo.
- Homa pamoja na maumivu ya tumbo, au ngozi iliyovimba imekuwa nyekundu na moto.
- Anatapika kila anachokula.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wapendwa, tuseme ukweli. Mtu akifa, siku hiyo hiyo tunachanga: jeneza, gari, chakula, hema. Fedha hupatikana. Lakini mtu akiwa hai na anahitaji mizani, tunasema hazina haina kitu. Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka tunasoma habari ya mtu aliyevimba mwili, akiwa mbele ya Yesu nyumbani kwa Mfarisayo mmoja mkubwa, siku ya Sabato, wakati wa chakula. Waliokuwapo walikuwa wakitazama tu nini kitatokea. Yesu ndiye aliyemshika. Sisi nasi tusiwe watu wa kutazama.

Tunapendekeza mambo manne:

1. Kikundi kinunue mizani moja ya uzito na madaftari. Ikae kwa mwanachama aliye karibu na wagonjwa.
2. Wachaguliwe wanachama wawili wa kumtembelea mgonjwa mara moja kwa wiki, wasome daftari, wazungumze na mpishi wa nyumba ile, na wamsindikize kliniki kama uzito umepanda.
3. Siku ya mkutano, mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe kupima presha na sukari za wanachama wote. Kinga ya figo inaanzia hapo.
4. Msaidiane kulipia bima. NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 1, 2024 kazi yake imechukuliwa na SHA. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#. Anayejiandikisha anaweza kutibiwa katika dispensari na kituo cha afya, lakini huduma za hospitali, pamoja na kusafishwa damu kwa mashine, zinataka mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi kwa familia. Kwa asiye na mshahara huhesabiwa kwa mwaka, yaani kuanzia shilingi 3,600. Kumpata mtu shilingi 3,600 kwa ghafula ni vigumu. Lakini merigoraundi ikiweka zamu ya bima, kila wiki familia moja, wanachama wote wanaweza kufikiwa. Msingoje mpaka mtu alazwe.

Kusafishwa damu kwa mashine kunaokoa maisha, na tangu 2015 mashine hizo zimefika katika hospitali nyingi za kaunti. Lakini mara nyingi ni safari ya mara mbili au tatu kwa wiki. Kila mwezi tunaochelewesha jambo hilo kwa kupima presha, kupunguza chumvi na kumeza dawa ni mwezi ambao mzazi yuko nyumbani na watoto wake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtu akivimba watu husema ni nini? Husaidia au huchelewesha?
2. Paketi ya chumvi nyumbani kwako hukaa siku ngapi?
3. Nani kati yetu ana mgonjwa wa namna hii, na anatunza peke yake?
4. Mwaka uliopita tulichanga kiasi gani kwa mazishi, na kiasi gani kwa wagonjwa walio hai?
5. Ni jambo gani moja tutakaloanza kabla ya mkutano ujao, na nani atalisimamia?

Katibu aandike majibu, hasa la tano, pamoja na jina na tarehe.